Hisabati katika Elimu ya Uchumi: Soma Masharti Kabla ya Hitimisho

UTANGULIZI

Kijana anayemaliza shahada ya kwanza ya uchumi na kuendelea na shahada ya uzamili hukutana na jambo asilolitegemea. Alizoea kusoma habari za mazao, viwanda, mishahara, biashara ya nje na mipango ya maendeleo. Sasa, katika somo la mikroekonomia, anafungua kitabu na kukuta kurasa kwa kurasa za seti, vekta, milinganyo na uthibitisho. Kitabu kimoja kinachotumika sana vyuoni, kile cha Mas-Colell, Whinston na Green kilichotolewa mwaka 1995, kina kurasa karibu elfu moja.

Mbele ya kitabu cha namna hiyo wanafunzi hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: hii ni kasumba ya kibepari iliyovikwa joho la hisabati, hatuna haja nayo. Kundi la pili humeza kila kitu, hufaulu mitihani, kisha hurudi kazini likiamini kwamba limekwisha kuthibitishiwa kuwa soko huria ndilo lenye haki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hakuna lililosoma masharti.

Jambo hili si la darasani tu. Kima cha chini cha mshahara, nauli, kodi, ruzuku ya mbolea na bei ya zao, yote hayo leo hujadiliwa kwa kutumia mifano ya kihisabati. Mshauri huja na jedwali na mlinganyo. Nchi isiyo na watu wa kuusoma mlinganyo huo mstari kwa mstari hubaki na majibu mawili tu: kukubali yote au kukataa yote. Na katika mazungumzo yoyote, mwenye majibu mawili tu ni mnyonge kabla hajafungua mdomo.

MAANA YA MIKROEKONOMIA YA KIHISABATI

Mikroekonomia ni ile sehemu ya elimu ya uchumi inayoanzia chini: kwa mnunuzi mmoja, mkulima mmoja, kiwanda kimoja. Inauliza: mtu huyu ana nini, anataka nini, amebanwa na nini, na kwa hali hiyo atachagua nini? Kisha inajumlisha machaguo ya watu wote na kuuliza bei zitakuwaje.

Hisabati iliingia kwa sababu maswali hayo, yakiulizwa kwa maneno matupu, hujibiwa kwa maneno matupu. Mtu anaweza kuandika kurasa kumi juu ya "faida ya ushindani" bila kusema ushindani wa nani, kwa masharti gani. Mlinganyo haumruhusu. Humlazimisha aandike wazi kila anachokichukulia kuwa kweli. Hapo ndipo penye thamani ya hisabati: haimfanyi mtu kuwa mkweli, lakini humnyima mahali pa kujificha.

Tuchukue mfano. Chama cha ushirika kina lori linaloweza kufanya safari 30 kwa mwezi. Safari moja ya pamba inakiletea chama faida ya shilingi 40,000. Safari moja ya mahindi, shilingi 25,000. Mahindi ni mengi, lakini pamba iliyopo inatosha safari 20 tu. Bila shaka chama kitabeba pamba yote kwa safari 20, na mahindi kwa safari 10 zilizobaki. Faida yote ni shilingi 1,050,000, yaani wastani wa shilingi 35,000 kwa safari.

Sasa anakuja mwenye lori na kusema: nitawafanyia safari moja zaidi kwa shilingi 30,000. Je, chama kikubali? Mjumbe wa kamati anayetazama wastani atasema ndiyo, maana 35,000 ni zaidi ya 30,000. Lakini pamba imekwisha. Safari ya ziada itabeba mahindi, nayo italeta 25,000 tu. Chama kitapata hasara ya shilingi 5,000. Thamani ya safari moja ya ziada ni 25,000. Si 40,000, wala si ule wastani. Thamani hiyo, ambayo haikuandikwa kwenye hati yoyote ya mauzo bali imezaliwa na uhaba wenyewe, ndiyo wataalamu wanayoiita bei kivuli.

Msomaji aliyeuelewa mfano huu amekwisha kushika moyo wa mikroekonomia. Yatakayofuata darasani, yaani kalkulasi ya vigeu vingi na njia ya Lagrange ya kutafuta kilicho bora chini ya vizuizi, ni kazi hiyo hiyo ikifanywa kwa malori elfu moja na mazao mia mbili. Ile alama ya Lagrange inayowatisha wanafunzi ndiyo bei kivuli ya safari yetu ya thelathini na moja.

CHOMBO HIKI SI CHA UPANDE MMOJA

Wale wanaosema kwamba hisabati hii ni mali ya mabepari hawana budi kuitazama historia yake.

Léon Walras, Mfaransa aliyefundisha Lausanne, Uswisi, alitoa kitabu chake kikuu kuanzia mwaka 1874. Yeye ndiye aliyeandika soko zima kama mkusanyiko wa milinganyo, kila bidhaa na mlinganyo wake, yote ikitatuliwa kwa pamoja. Mtu huyo huyo alitaka ardhi iwe mali ya taifa.

Mwaka 1939, huko Leningrad, Leonid Kantorovich alitoa kijitabu juu ya njia za kihisabati za kupanga uzalishaji. Chanzo chake kilikuwa swali la watu wa kiwanda cha mbao: tuna mashine za aina mbalimbali na mbao za aina mbalimbali, tugawe kazi vipi ili tupate mazao mengi zaidi? Katika kulijibu, Kantorovich aliona kwamba kila mpango bora unazaa thamani zake za ndani, ambazo ni zile bei kivuli za mfano wetu wa lori. Kwa miaka mingi wakubwa wa uchumi katika Urusi ya Kisovyeti walimtilia shaka, wakisema kwamba anaingiza fikra za kibepari. Huko Marekani, George Dantzig alifikia njia kama hiyo mwaka 1947 alipokuwa akifanya kazi ya mipango ya jeshi la anga. Mwaka 1975 Kantorovich alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans wa Marekani. Dola mbili zilizokuwa zikitazamana kwa silaha zilitumia hesabu moja.

Oskar Lange wa Poland, katika makala zake za mwaka 1936 na 1937, alijibu hoja ya Ludwig von Mises ya mwaka 1920 kwamba uchumi wa kijamaa hauwezi kufanya hesabu yoyote ya maana. Lange aliichukua milinganyo ya Walras na kuonyesha kwamba bodi ya mipango inaweza kutangaza bei, kutazama kilichopungua na kilichozidi, kisha kurekebisha, kama soko linavyofanya.

Lakini ukweli unatutaka tusiishie hapo. Mwaka 1945 Friedrich Hayek, mpinzani mashuhuri wa ujamaa, aliuliza swali zito: hizo habari za kuingiza kwenye milinganyo ya bodi zitatoka wapi? Ujuzi wa udongo, wa mashine chakavu, wa mteja wa jirani, umetawanyika vichwani mwa mamilioni ya watu. Na kuna la zaidi: mwenye habari anaweza kuificha. Meneja wa kiwanda akijua kwamba lengo la mwakani litapangwa kwa uwezo atakaoutaja leo, atautaja uwezo mdogo. Tatizo hilo halikutatuliwa kwa kumtukana Hayek. Lilichukuliwa na wanahisabati wa uchumi, akiwamo Leonid Hurwicz, wakajenga tawi zima la elimu linalouliza: tuweke utaratibu gani ili mtu aone maslahi yake katika kusema kweli? Kila aliyepata kupokea taarifa ya uzalishaji kutoka wilayani anajua kwamba swali hilo ni letu pia.

SOKO LIMETHIBITISHWA KUWA NA NINI?

Tuligeukie sasa kundi la pili, lile linalodhani kwamba hisabati imekwisha kuliidhinisha soko.

Mwaka 1954 Kenneth Arrow na Gérard Debreu walithibitisha kwamba, chini ya masharti fulani, zipo bei ambazo kwazo kila kinachotakiwa sokoni kinapatikana, katika masoko yote kwa wakati mmoja. Ni kazi kubwa ya akili, nayo imejengwa juu ya kanuni ya hisabati ya Kakutani kuhusu nukta isiyohama. Mwanafunzi wa uzamili ataipitia. Lakini aipitie akiwa na kalamu mkononi, akiorodhesha masharti.

Sharti mojawapo katika uthibitisho wao wa kwanza linasema kwamba kila mtu anaweza kuishi kwa akiba aliyo nayo mwenyewe, bila kuuza chochote, na bado akabakiwa na kitu cha kila namna cha kupeleka sokoni. Ndugu msomaji, mtu huyo ni nani? Si kibarua wa shamba la mkonge, wala si mkulima ambaye ghala lake limekwisha mwezi wa pili. Arrow na Debreu wenyewe walijua kwamba sharti hili ni zito mno, wakaandika na njia nyingine ambamo inatosha mtu awe na kazi ya mikono inayohitajika. Hata hilo ni sharti. Asiye na akiba, na ambaye kazi yake haihitajiki, hayumo katika uthibitisho. Baadaye Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya umaskini na njaa, alionyesha kutoka historia ya kweli, ikiwamo njaa ya Bengal ya mwaka 1943, kwamba watu wanaweza kufa kwa njaa chakula kikiwapo, kwa sababu tu hawana cha kubadilishana nacho.

Kanuni nyingine mashuhuri husema kwamba msawazo wa soko la ushindani ni "bora". Neno hilo lina maana finyu: haiwezekani kumwongezea mmoja bila kumpunguzia mwingine. Basi! Ikiwa mtu mmoja ana magunia mia na jirani yake hana hata debe, hali hiyo nayo ni "bora" kwa maana hiyo, kwa kuwa huwezi kumpa maskini debe moja bila kumpunguzia tajiri. Anayesimama jukwaani na kusema kwamba hisabati imethibitisha haki ya soko ama hakuisoma kanuni, ama anatudanganya.

Yako mambo mengine mawili. Kwanza, kati ya mwaka 1972 na 1974 Hugo Sonnenschein, Rolf Mantel na Debreu mwenyewe walionyesha kwamba hata kama kila mtu mmoja mmoja anachagua kwa busara kamili, jumla ya machaguo yao inaweza kuchukua karibu sura yoyote. Maana yake ni kwamba nadharia haina uhakika wa jumla kuwa soko likitikiswa litarudi lenyewe mahali pake. Pili, mwaka 1970 George Akerlof alichukua mfano wa soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi hajui. Mnunuzi hulipa bei ya wastani, mwenye gari zuri huondoka, wastani hushuka, na soko laweza kufa kabisa. Matokeo haya yote yamo katika vitabu vile vile vya kurasa elfu. Hakuna mpinzani wa ubepari aliyeyapenyeza. Yametoka katika milinganyo yenyewe.

MFANO KUTOKA KWETU: KIJIJI NA MJI

Isidhaniwe kwamba elimu hii yote imezaliwa Ulaya na Marekani. Mmoja wa mifano iliyosomwa zaidi duniani juu ya nchi maskini ulitokana na hali ya Afrika Mashariki. John Harris na Michael Todaro, wachumi kutoka Marekani waliofanya kazi Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, waliuchapisha mwaka 1970. Swali lao lilikuwa rahisi: kwa nini watu wanazidi kwenda mjini wakati mjini hakuna kazi?

Tuchukue tarakimu za kubuni. Kijijini mtu anapata shilingi 100 kwa siku. Mjini mwenye kazi ya mshahara anapata 250, na nafasi zilizopo ni 1,000. Harris na Todaro wanasema kwamba mtu hatazami mshahara wa mjini peke yake. Anauzidisha kwa bahati yake ya kupata kazi. Watu wataendelea kuhamia mpaka matarajio ya mjini yalingane na ya kijijini. Hapa bahati hiyo itafikia 100 kwa 250, yaani mbili katika tano. Kwa nafasi 1,000, mjini watakuwapo watu 2,500, na kati yao 1,500 hawana kazi.

Serikali inaona taabu hiyo na kuongeza nafasi 200. Je, wasio na kazi watabaki 1,300? La. Bahati imeongezeka, watu zaidi watakuja, mpaka mji uwe na watu 3,000. Wenye kazi ni 1,200. Wasio na kazi ni 1,800. Tumeongeza kazi, na wasio na kazi wameongezeka kwa 300!

Sasa tuache nafasi zibaki 1,000, lakini tupandishe pato la kijijini kutoka 100 hadi 125. Bahati inayohitajika kumvuta mtu inakuwa moja katika mbili. Mji utabaki na watu 2,000, na wasio na kazi watashuka hadi 1,000. Dawa ya mjini imepatikana shambani.

Kenya ilikuwa imekwisha kulionja jambo hili. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza ajira, asilimia 10 kwa waajiri binafsi na 15 kwa serikali. Habari za nafasi hizo zenyewe ziliwavuta watu wapya mjini, na tatizo halikwisha. Nasi Tanzania tulikuwa na kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambamo watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi waliondolewa mijini na kupelekwa mashambani. Wengi walirudi. Kwa jicho la mfano huu hakuna la kushangaza: lori lilimhamisha mtu, lakini halikuigusa tofauti kati ya zile 100 na zile 250.

Lakini hapa pia tusome masharti. Mfano unadhani kwamba nafasi hugawanywa kama bahati nasibu, kumbe wengi hupata kazi kwa ndugu na jamaa. Unadhani kwamba mtu haogopi hatari. Unadhani, zaidi ya yote, kwamba asiye na mshahara hafanyi chochote. Taarifa ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya, ya mwaka 1972, ilionyesha kwamba watu hao walikuwa wakifanya kazi nyingi: ufundi, uchuuzi, upishi, zile zilizokuja kuitwa jua kali. Mwenye kuusoma mfano vizuri hatautupa kwa sababu hiyo. Atauandika upya, aingize pato la mchuuzi, aone hesabu inageuka wapi. Hapo ndipo mwanafunzi anapoacha kuwa mtumiaji wa nadharia na kuwa mjenzi wake.

NAMNA YA KUSOMA

Nafasi za kusoma katika bara letu zipo. Muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, AERC, ulioanzishwa mwaka 1988 na wenye makao Nairobi, ulianzisha mwaka 1993 mpango wa pamoja wa shahada ya uzamili kwa vyuo vikuu kadhaa vya Afrika, na mwaka 2002 ule wa uzamivu, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa mmoja wa wenyeji wake. Mikroekonomia ni nguzo mojawapo ya mipango hiyo. Kwa anayejiandaa, tunashauri yafuatayo:

(a) Ajifunze hisabati kabla ya kuingia darasani. Kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya vekta na matriki, kutafuta kilicho bora chini ya vizuizi, na misingi ya seti na mifuatano. Wengi wanaoshindwa uchumi wa uzamili hawashindwi na uchumi. Hushindwa na kujifunza lugha na hadithi kwa siku moja.

(b) Afanye mazoezi kwa mkono wake. Uthibitisho uliosomwa tu haukusomwa. Afunge kitabu, auandike upya, aone anakwama wapi.

(c) Kwa kila kanuni aweke daftari la safu tatu: masharti, hitimisho, na nini kinavunjika sharti moja likiondolewa. Safu ya tatu ndiyo elimu.

(d) Asome kwa kikundi, na kila hoja aieleze kwa Kiswahili kwa mtu asiye mchumi. Mfano wa lori ukimshinda kumweleza katibu wa chama cha msingi, basi ile alama ya Lagrange haijamkaa kichwani.

(e) Asiache kusoma historia na siasa ya uchumi. Mikroekonomia huanza na mtu ambaye tayari ana mali fulani, au hana. Haiulizi mali hiyo aliipataje. Swali hilo linajibiwa na historia ya ardhi, ya ukoloni na ya kazi, nayo haimo katika milinganyo.

HITIMISHO

Mwaka 1986 Tanzania ilitia sahihi makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa baada ya miaka ya mvutano. Watu wataendelea kubishana kama masharti yale yalikuwa mazuri au mabaya. Lakini fundisho moja halina ubishi: kila jedwali lililowekwa mezani lilikuwa na dhana zake nyuma, na nguvu ya upande wowote ilitegemea pia idadi ya watu wake walioweza kuonyesha kwa kidole na kusema, "Dhana hii, ukurasa huu, si kweli kwa nchi yetu, na ikibadilishwa, jibu lako linabadilika hivi."

Sentensi hiyo haiwezi kusemwa na aliyekataa kujifunza, maana hajui ukurasa. Haiwezi kusemwa na aliyemeza yote, maana hajui kwamba ni dhana. Inaweza kusemwa na aliyekaa usiku kwa usiku na milinganyo hadi akaijua kwa ndani, huku akikumbuka ghala la mkulima lililokwisha mwezi wa pili. Watu wa namna hiyo hawaagizwi kutoka nje. Kazi ya kuwaandaa ni yetu, na inaanza na daftari la safu tatu.